Maoni ya Mama Juu ya Mashine ya CD Tano

Siku niliyotoka hospitali mikono mitupu, nilikuta kwenye kona ya kitanda cha mtoto pamewekwa mashine ya muziki.

Nilidhani nimeingia nyumba ya watu. Lilikuwa dude jeusi, refu kama kabati la vyombo, spika mbili ubavuni, na mbele lina sinia la kuzunguka lenye nafasi za CD tano. Kitanda chenyewe, tulichokinunua kwa familia moja ya mji wa Laurel iliyokuwa inahama, hakikuwepo. Mume wangu alikuwa amekifungua vipande vipande akakisukuma chini ya kitanda chetu. Nilisimama mlangoni na koti langu na mfuko wa dawa, nimeduwaa, nikashindwa hata kulia.

"Hii ni nini?"

"Ni ya CD tano," akajibu, kana kwamba nimemuuliza idadi. "Nyumba ilikuwa imenyamaza sana."

Wee! Ningekuwa na nguvu ningelibeba dude lile nikalitupa dirishani, liangukie magari ya watu kule chini. Lakini daktari alikuwa amenikataza kuinua hata sufuria. Nikampita, nikaenda kulala na viatu. Yeye akabonyeza kitufe, muziki ukaanza. Haki ya Mungu, siku hiyo niliona nimeolewa na jiwe.

Mtoto wetu alikuwa amezaliwa amekwisha kufa, mimba ikiwa ya miezi minane. Nalisema wazi hivi kwa sababu wakati ule hakuna aliyelisema. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tukiishi ughaibuni, mjini Hyattsville, mimi nikitunza wazee kwenye makao yao, yeye akifanya kazi ghalani. Tulikuwa Wakenya wa kutosha kuwa na kanisa letu, tukikodi ukumbi kule Columbia Heights, na watu wa kanisa walikuja kutupa pole kama ilivyo desturi. Walileta chapati zilizofungwa kwa foili na kuku wa mchuzi. Waliomba. Walisema ni mapenzi ya Mungu. Halafu macho yao yakaenda kwenye ile kona, na hapo ndipo ndimi zikafunguka.

Mzee mmoja wa kanisa, mkazi wa Laurel, alikuwa na mashine yake ya CD sita. "Ya kwangu unazipanga kwenye kasha, unalisukuma ndani, basi," alisema. "Lakini ilimeza CD moja ya kwaya, mpaka leo haijaitapika. Hii yenu ya sinia ni afadhali. Unaona kila kitu."

Mkewe akapinga. Ya sinia inakusanya vumbi, alisema, na vumbi likifika kwenye lile jicho la ndani, nyimbo zinarukaruka.

"Hilo dogo," mzee akasema. "Shida ni ukiiweka kwenye kuchanganya. Wimbo mmoja inauchukua CD hii, wa pili CD ile, na katikati inanyamaza. Inanyamaza, jamani! Unaweza kusali Baba Yetu ukafika amina."

Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, akachukua rimoti na kuiweka kwenye kuchanganya ili wahakikishe. Basi tukakaa kimya sebule nzima, watu wazima na akili zetu, tukisikiliza sinia likizunguka mle ndani, kru, kru, kru.

Mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo, maziwa yamenijaa kifuani na blauzi imelowa chini ya leso niliyojifunga, nao wanapima ukimya wa mashine. Sikuamini. Nilitamani kupiga mayowe mpaka vioo vipasuke. Badala yake niliinuka nikaenda kuchemsha chai.

Lakini aliyeninyima raha hasa alikuwa mama yangu. Mama alikuwa Kitale, na alijua nina mimba. Huyo angekuwa mjukuu wake wa kwanza, na katika kila kaseti aliyonitumia aliniambia nisikae kwenye baridi, nile mboga, nisibishane na mume. Sasa nimwambieje? Simu ilikuwa dukani mjini, na ukiitwa pale unaongea huku wanunuzi wa sukari wamekutegea masikio. Barua? Mama hakujua kusoma. Barua zake alisomewa na mwalimu jirani, na mwalimu yule hakuwa na kifua hata kidogo. Kabla barua haijakunjwa, soko zima lina habari. Sikutaka mama aambiwe na mtu mwingine. Nilitaka alisikie kwa sauti yangu, akiwa chumbani kwake, mlango umefungwa.

Ikabaki kaseti. Kila aliyekulia kwetu anaijua redio kaseti: ina kitundu kidogo mbele, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unakisogelea kile kitundu, unaongea. Na dude la mume wangu, chini ya sinia la CD, lilikuwa na mahali pa kaseti, na kitufe chenye alama nyekundu. Ningehitaji nini kingine?

Nilingoja mchana mmoja mume wangu akiwa kazini. Aliiacha mashine ikicheza, kama alivyozoea siku hizo, eti nisikae kwenye ukimya. Sikuthubutu kuizima, nisije nikaharibu alivyoipanga. Niliishusha sauti mpaka chini kabisa, nikatia kaseti mpya, nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Vigurudumu vya kaseti vikaanza kuzunguka. Nikapiga magoti mbele yake kama mtu anayetubu, nikamwambia mama yote. Nilimwambia jinsi mtoto alivyoacha kucheza tumboni nikidhani amelala. Nilimwambia nilivyombeba akiwa bado ana joto. Nilimwambia mkwe wake ameninunulia muziki badala ya kunishika mkono. Mara kwa mara nilisikia sinia likizunguka, kru, kru, nami nikadhani ndivyo mashine hizi zinavyofanya zikirekodi. Upande ulipoisha nilikuwa nimelia hadi sauti imekauka.

Sikuisikiliza. Maneno kama yale nani angeweza kuyarudia? Niliifunga kwenye bahasha nikampa dada mmoja wa kanisa aliyekuwa anasafiri kwenda nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali nikala chakula nikakisikia ladha. Mume wangu nilimwambia tu kwamba nimemtumia mama kaseti. Hakuuliza nimesema nini.

Yule dada aliporudi, tulimkuta kanisani na kifurushi kutoka kwa mama. Hatukukifungua mpaka tulipofika nyumbani. Ndani mlikuwa na kaseti, na sweta ya mtoto, ya manjano, imefumwa kwa mkono, na kofia yake.

"Ametuma sweta," nikamwambia mume wangu. "Nimemwambia, naye ametuma sweta?"

Niliitia kaseti kwenye mashine. Vigelegele! Vigelegele vya wanawake, makofi, mtu anapiga kopo, na katikati yao sauti ya mama ikicheka. "Asante mwanangu! Asante mkwe wangu! Muziki umefika! Tuliposikia nyimbo tupu, nyimbo za furaha, tukajua: mtoto amekuja! Majirani wote wako hapa, sikia wanavyocheza!" Na nyuma yake, kwa mbali, ulisikika wimbo. Niliujua. Ulikuwa ule wa CD ya tatu, ambao mume wangu aliupenda.

Nilipiga ukelele. Kelele zenyewe, woi, hata mimi zilinitisha.

"Ulirekodia hapa?" mume wangu akauliza. Uso ulikuwa umemsawijika. "Kwa mdomo?"

"Sasa ningerekodia wapi?"

"Mama wee. Hii haina maikrofoni. Inarekodi CD zake yenyewe. Inajisikiliza yenyewe tu."

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja Mkongo kutoka Bukavu, jirani yetu wa chini, amekuja mbio kwa ajili ya ule ukelele. Nilimweleza hovyohovyo, nikilia. Akaizunguka mashine, akaipapasa mbele, akaipapasa nyuma. "Kitu kikubwa ivi," akasema, ameshika kidevu, "na masikio yake iko wapi?" Akatikisa kichwa, akashuka kwake bila kuaga.

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na ile sweta mapajani. Nilichokiona ni kitu kimoja tu: mama anacheza ngoma mbele ya watu kwa ajili ya mtoto aliyekwisha zikwa. Nani atamwendea sasa? Atawatazamaje wale wanawake? Mume wangu, sijui kwa nini, labda kwa kukosa la kufanya na mikono yake, aliigeuza kaseti upande wa pili.

Huko hapakuwa na vigelegele. Palikuwa na kimya, kisha mlio wa komeo, kisha mama akaanza kusema polepole.

"Sasa wameondoka. Nimefunga mlango. Mwanangu, hiyo mashine yenu ni nzuri, nyimbo zinatoka safi. Lakini inanyamaza sana. Wimbo ukiisha, kimya. Mwingine ukiisha, kimya. Kila iliponyamaza nilisogea karibu na redio, nikasema sasa atanisalimia. Hukunisalimia. Nimeirudia peke yangu mara nyingi. Wewe tangu ujue kusema hujawahi kuingia kwangu bila salamu. Mwenye habari njema angezisema kwanza, halafu aimbe."

Akakohoa kidogo.

"Sweta nimeituma kwa sababu nilikuwa nimeimaliza, na wanawake wananitazama. Kama hakuna wa kuivaa, iweke tu. Nafasi iliyobaki upande huu sijaiongelea. Nimekuachia. Usinitumie nyimbo tena. Niambie, mama."

Baada ya hapo kaseti iliendelea kuzunguka tupu. Hatukuizima. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka hospitalini, maana kule angalau niliona nyuso za manesi nikajua. Huku mama alikuwa ameketi Kitale, akatega sikio kwenye sinia linalobadilisha CD, akanisikia.

Jirani Mkongo alirudi akihema kwa ngazi. Alikuwa amebeba redio kaseti yake ya zamani, imefungwa kwa mpira, haina mfuniko wa betri. Aliiweka mezani, akanionyesha kitundu kwa kidole. "Sikio njo hii," akasema, akatoka na kufunga mlango taratibu.

Niliirudisha kaseti ya mama pale alipoishia, nikaitoa, nikaitia humo. Nikabonyeza vitufe viwili. "Mama, hujambo," nikasema. "Ni mimi." Yale yote niliyoyamwaga mbele ya lile dude siku ile hayakutoka hata moja. Vigurudumu vilikuwa vinazunguka, vinakula nafasi aliyoniachia, na mimi nimeachama mdomo tu.

Mume wangu akavuta kiti. Kwetu mwanamume hazungumzi na mama mkwe wake ovyo. Hata kwenye harusi yetu alimsalimia akiwa ameinamisha macho. Na tangu hospitali hakuwa amelitaja neno mtoto, si kwangu, si kwa mchungaji, si kwa mtu yeyote. Aliuchukua mkono wangu uliokuwa juu ya sweta, akainama mpaka midomo yake ikakaribia kugusa kile kitundu.

"Mama," akasema. "Alikuwa msichana."