Sauti Yangu Ilisema Ijumaa

Redio yetu iko Muleba mjini, kwenye nyumba ambamo zamani watu waliishi. Studio ndiyo iliyokuwa sebule. Chumba changu cha kurekodia na kuhariri kilikuwa jiko, na mpaka leo ukuta mmoja una weusi wa moshi ambao rangi imeshindwa kuufuta. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna tundu ukutani, na ndani ya tundu umepita waya unaounganisha kompyuta yangu na ile ya studio.

Yangu inaendeshwa na Linux. Fundi aliyeifunga alisema hainasi virusi na haitaki kulipiwa, kisha akapata kazi Mwanza akaondoka. Ya studio inaendeshwa na Windows, kwa sababu programu ya kurushia matangazo hewani inafanya kazi humo tu. Kwenye kompyuta yangu kuna folda inayoitwa Matangazo. Mimi narekodi, naweka faili humo, na mtangazaji akiwa studio analifungua kupitia ule waya na kulirusha. Ndivyo tulivyoelezwa. Kwa miezi kadhaa maisha yangu yote yaliharibiwa na sentensi hiyo fupi.

Matangazo yenyewe ni ya watu waliopotea, ng'ombe waliopotea, mikutano ya vijiji, na vifo. Vifo ndivyo vingi. Kwetu Kagera mtu akifariki, familia ikishakubaliana mahali pa kaburi, jambo linalofuata ni redio. Watoto wako kila mahali, na wengine wako visiwani ambako simu leo inashika, kesho haishiki.

Mtangazaji wa asubuhi alikuwa mtu wa Bukoba mjini, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilituacha mbali sisi tuliojifunzia lugha hii shuleni baada ya Kihaya. Mimi nilimwita kaka, yeye aliniita dada. Tulipendana kikazi, lakini wiki zile tulikuwa hatusalimiani vizuri.

"Dada, faili lako limenikatalia tena," alikuwa ananiambia akichungulia mlangoni.

"Jana si yamefunguka yote?"

"Jana yamepita. Leo linaniambia sina ruhusa. Hiyo ruhusa nikaiombe kwa nani, kwako au kwa meneja?"

Na kweli, kwenye skrini ya studio kulikuwa na kisanduku kinachosema kwa Kiingereza kwamba hana ruhusa ya kufungua faili lile. Kwangu lilifunguka bila shida. Nilizima na kuwasha. Nilichomoa waya nikauchomeka. Nilibadilisha nywila, nikabadilisha jina la faili, nikaondoa nafasi kati ya maneno kwa sababu mtu aliniambia nafasi huleta matatizo. Jambo lililonitesa zaidi ni kwamba tatizo halikuwa na utaratibu. Naweka mafaili matatu mchana mmoja, sauti ileile, programu ileile. Mawili yanafunguka, moja linagoma. Ugonjwa unaokuja na kuondoka ni mbaya kuliko ulioamua kukaa.

Nikampigia fundi wa Mwanza. Akanisomea amri ya kuandika, mimi nikaiandika herufi kwa herufi, simu nimeibana kwa bega.

"Hiyo inafungua kila kitu," alisema. "Kila mtu asome, kila mtu aandike. Hutasumbuliwa tena."

Siku tatu tukakaa kwa amani. Siku ya nne faili likagoma. Nikampigia tena.

"Basi tatizo liko upande wa Windows," akasema.

Kaka wa studio alikuwa na rafiki yake Bukoba anayetengeneza kompyuta. Akamleta Jumamosi moja. Yule bwana akakaa kwenye kiti cha studio, akabonyeza hapa na pale kwa muda wa saa nzima, akasimama akijinyoosha. "Windows haina shida," akasema. "Tatizo liko kwenye hiyo Linux."

Nilitamani kuwafungia mafundi hao wawili katika chumba kimoja na kuondoka na ufunguo. Nilimwomba meneja turudi kwenye flashi, nirekodi na kubeba kwa mkono, hatua kumi tu. Akakataa, kwa sababu flashi ndiyo iliyowahi kuingiza virusi studio na kutuzima nusu siku, na yeye ndiye aliyezipiga marufuku. "Mfumo upo," alisema. "Utumieni."

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja familia moja kutoka Izimbya, kaka na dada, wakiwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwanafunzi. Ilikuwa Jumatatu. Mama yao alikuwa amefariki, mazishi Ijumaa. Karatasi ilitaja watoto wote na mahali walipo: Dar es Salaam, Karagwe, Bukoba mjini, na mmoja aliye kisiwani Goziba.

"Huyu wa Goziba ni mvuvi," yule dada aliniambia, akiweka kidole kwenye jina. "Simu yake haipatikani tangu jana. Kwa huyu tunaitegemea redio, mama."

Nikarekodi, likarushwa, halikuleta shida.

Jumanne alasiri dada yule akarudi peke yake. Padri hakuwa na nafasi Ijumaa, hivyo mazishi yamewahishwa, yatakuwa Alhamisi. Nikarekodi upya furushi lote la matangazo ya Jumatano, na lake nikaliweka la kwanza. Faili nikaliweka kwenye folda. Sikwenda kulijaribu studio. Kulikuwa na kipindi hewani, na ukweli ni kwamba nilikuwa na njaa na nimechoka na kisanduku kile. Nikaenda nyumbani.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa jikoni namenya ndizi, redio iko dirishani. Nikasikia sauti yangu. Nikasikia jina la marehemu, kijiji, watoto mmoja mmoja. Kisha nikajisikia nikisema, kwa ile sauti ya upole ninayoitumia kwa vifo: mazishi yatafanyika siku ya Ijumaa.

Niliacha kisu ndani ya beseni. Nilimpigia mtangazaji, lakini studio simu huwekwa kimya. Nikatoka nikachukua bodaboda, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Nilipofika taarifa ya habari ilikuwa hewani na yeye alikuwa ameketi nje ya mlango wa studio akinywa chai.

"Kwa nini umerusha la jana?"

"La leo limenikatalia. Ningefanyaje, ninyamaze hewani? La jana lilikuwepo, nikalirusha."

"Mazishi ni kesho! Yamebadilishwa!"

Aliweka kikombe chini. Aliingia, akaomba karatasi, nikamwandikia, na baada ya habari akasoma masahihisho mwenyewe, mara mbili, vizuri mno. Nami nikaweka upya lile faili kwenye folda, likafunguka kana kwamba halijawahi kugoma. Mchana na jioni likarushwa sahihi. Nilijiambia kwamba tumewahi.

Jumamosi akaja mwanamume mmoja, amevaa sweta zito ingawa kulikuwa na jua, na viatu vya plastiki. Alinisalimia kwa adabu, akataja jina la mama yake, nami nikajua.

Alikuwa amesikia tangazo la Jumatano saa kumi na mbili. Ndiyo saa ambayo kambini redio huwa wazi, wametoka ziwani wanatoa samaki kwenye nyavu. Akahesabu siku, akaona ana nafasi, akalala mchana, usiku akarudi ziwani na wenzake. Alhamisi asubuhi redio ikasema mazishi ni leo. Mtumbwi wa kwanza kuelekea nchi kavu ukaondoka saa nne. Alifika Izimbya Ijumaa asubuhi.

"Nimekuta watu wanakunja maturubai," alisema.

Nikampa pole. Kisha nikafanya kosa la kutaka kueleza. Nikamwambia kuna kompyuta mbili, moja iliinyima nyingine ruhusa.

"Ruhusa ya nini?" akaniuliza. Hakuwa anafoka. Alitaka kuelewa. "Ruhusa ya mama yangu kuzikwa?"

Nilitazama mikono yangu.

"Sikuja kugombana," akaendelea. "Nyumbani hawaniamini. Dada anasema alikuja hapa mwenyewe akawaambia Alhamisi. Wadogo zangu wanasema nilisikia nikapuuza, kwamba samaki walikuwa wengi. Nataka kujua kama lile la Ijumaa nililisikia kweli au nilikuwa na usingizi."

Nikamwekea kiti. Faili lenyewe lilikuwa bado lipo. Nikalifungua, likasema Ijumaa. Akaomba nirudie, nikarudia. Aliposikia jina lake na neno Goziba aliinamisha kichwa.

"Ni sauti yako," akasema.

"Ndiyo. Ni yangu."

"Niwekee kwenye simu."

Nikamwekea. Kisha nikamwambia asubiri, nikampigia dada yake mbele yake. Nilimwambia wazi: Jumatano asubuhi redio ilisema Ijumaa, wewe ulituambia Alhamisi, kosa ni letu, kaka yako alisikia alichosikia.

"Waitu," alisema dada yake, kwa lile neno letu la heshima ambalo wakati huo lilinichoma kuliko tusi. "Basi nitawaambia."

Mwanamume yule alipoondoka sikwenda nyumbani. Nilitoa daftari. Sikumpigia fundi yeyote. Nilirekodi mafaili sita ya sekunde mbili mbili, kila moja nikitaja namba tu, na kwa kila moja nikaandika kila kitu nilichofanya kwa vidole vyangu tangu kurekodi mpaka kuliweka kwenye folda. Kisha nikaenda studio kuyafungua. Manne yakafunguka. La pili na la tano yakagoma. Nikarudi kwenye daftari, nikasoma mstari kwa mstari.

Yale manne nilikuwa nimeyanakili kutoka folda yangu na kuyabandika kwenye Matangazo. Yale mawili nilikuwa nimeyakata na kuyabandika. Tofauti ilikuwa hiyo tu. Diski yangu ilikuwa inakaribia kujaa, kwa hiyo nikikumbuka kubana nafasi nakata, nikiwa na haraka nanakili.

Nikaita maelezo ya kila faili kwenye skrini, na pale hatimaye nikaona kitu ninachoweza kukielewa. Kwenye Linux kila faili lina mwenyewe na lina kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kulifungua. Faili lililonakiliwa huzaliwa upya ndani ya folda, likachukua kundi la folda, ambalo studio imo. Lililokatwa halizaliwi upya. Linahama na kundi lake la zamani, la kwangu peke yangu, na studio ikibisha hodi inaonekana mgeni. Amri ya fundi wa Mwanza ilifungua yale yaliyokuwepo siku ile tu. Yaliyokuja baadaye hayakuijua. Zile siku tatu za amani nilikuwa nimenakili tu, bila kujua.

Sikufurahi. Watu husema ukipata jibu unapumua. Mimi nilitaka kupiga meza. Miezi mitano ya ugomvi, mafundi wawili, mazishi ya mama wa watu, na chanzo chake ni vidole vyangu kubonyeza herufi ya kukata badala ya ile ya kunakili.

Siku hiyohiyo nilibadilisha utaratibu. Nilifungua folda ya kazi ndani ya Matangazo yenyewe, nikaipa kundi la studio, na programu ikawa inarekodi humo moja kwa moja. Hakuna kukata, hakuna kunakili. Faili linazaliwa nyumbani kwake. Nikajaribu mara ishirini. Yote yakafunguka.

Jumatatu nikampelekea meneja maelezo ya ukurasa mmoja. Akasoma akitikisa kichwa.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Muda wote huu mfumo ulikuwa mzima."

Nilijaribu kumwambia kwamba mfumo unaomwacha mtu afanye jambo la kawaida kisha ukamwadhibu chumba cha pili, bila kumwambia yeye kitu, si mfumo mzima. Alikuwa ameshashika simu yake. Mtangazaji ndiye aliyenifuata mlangoni.

"Dada, mimi nilipaswa kukupigia kabla ya kurusha la jana," akasema. "Tusigawane kosa kama nyama. Limetutosha wote."

Tangu siku ile naenda studio mwenyewe kufungua kila faili kabla ya kuondoka, hata kama kuna kipindi hewani. Nasimama nyuma ya mtangazaji kimya, nanyoosha mkono, nabonyeza, nikiona limefunguka naondoka. Amezoea.

Baada ya wiki kadhaa dada wa Izimbya alikuja na tangazo la misa ya kumwombea mama yao. Nilirekodi. Alipokuwa anaondoka nilimuuliza kuhusu kaka yake.

"Amerudi Goziba," akasema. "Tulikaa wote tukaisikiliza ile ya kwenye simu yake. Wamemwelewa. Mdogo wetu wa mwisho tu ndiye bado hasemi naye."

"Mwambie mdogo wenu anipigie," nikasema.

"Nimemwambia. Anasema yeye hana la kuongea na redio."

Alikunja karatasi yake, akaitia kwenye mkoba, akaenda zake. Mimi nikaenda studio kulifungua faili lake.