Mto Uliposhuka Wakati wa Mvua

Mke wangu anasoma mto. Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine, ina daftari na muhuri wake. Chini ya daraja letu kulikuwa na chuma kirefu kilichopakwa rangi nyeupe na nyeusi, kina namba. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, yeye aliteremka ngazi sitini na tatu, akaangalia maji yamefika wapi, akaandika, kisha akapiga simu ofisini, mjini kule tambarare. Miaka kumi na moja hakukosa siku. Mimba mbili za mwisho alipanda na kushuka nazo zile zile ngazi.

Kwetu ni mlima huku, mlima kule, mto katikati, na nyumba zimeng'ang'ania ubavuni kama kupe. Jua linatufikia saa tatu, na saa tisa limeshatuaga. Juu yetu mto unapita kwenye korongo jembamba, kuta zake zimesimama wima, na juu ya kuta hizo kuna mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni. Watu wa juu wanalima, sisi wa chini tunachimba mchanga mtoni na kuwauzia wajenzi. Mimi ni mchimba mchanga. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na wajuzi wawili wa mto, na nilijua fika nani ni mkubwa wao.

Mwaka juzi mwanamke huyu alinitia aibu. Maji yalipanda, naye akapita nyumba hadi nyumba akiwaambia watu wahame. Tukabeba magodoro vichwani mvuani mpaka juu kabisa. Maji yakafika kizingiti cha zahanati, yakatuangalia, yakarudi. Magodoro ndiyo yaliyoloa. Tangu siku hiyo wakamwita Bi Gharika, na mimi, kosa langu silijui, nikawa Bwana Gharika. Mwenzetu mmoja machimboni, tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzima, kila akiniona anauliza kama nimekuja na mtumbwi. Iliniuma. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka masikio yanawaka.

"Kazi yako ni kusoma, kuandika na kunyamaza. Basi."

Alikunja khanga yake akaenda kuanua nguo.

Sasa sikia. Masika yaliyopita mvua ilitupiga siku tisa mfululizo. Siku ya kumi asubuhi alirudi kutoka darajani amelowa chapachapa, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. Jana yake jioni mto ulisoma sentimita mia mbili na kumi. Mvua haikupumzika hata dakika, kwa hiyo ulipaswa kupanda. Ulisoma tisini. Alikipangusa chuma kwa mkono, akasoma tena, akasoma mara ya tatu.

Mimi nilifurahi. Maji yakishuka, mchanga unabaki wazi, safi, unauzoa tu. Nikatafuta koleo langu huku napiga mluzi. Nyuma yangu nilimsikia akiongea na ofisi. Alisema mvua inanyesha na mto unashuka, maana yake mlima umeporomoka huko korongoni na kuyazuia maji, na kizuizi cha udongo hakina maisha, kitapasuka. Yule bwana wa ofisini alimjibu kwamba fomu ya hatari ni ya maji yaliyopanda. Kwa maji yaliyoshuka hawana fomu. Atume namba tu.

Akakata simu, akaniangalia. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua kwa nini hasemi. Nikala kona.

Mtoni tulikuwa watu kumi na mmoja, tumesimama mahali ambapo siku zote maji yanakufika kifuani. Furaha tupu. Redio alikuwa ameshaanza kunadi. Lakini hata mimi, kichwa ngumu, kuna kitu kilinisumbua: tulikuwa tunasikiana vizuri mno. Kwetu mtoni watu huongea kwa kupiga kelele. Nikajikaza, nikachimba.

Kwenye saa nne nikamwona anateremka na daftari kwapani. Wenzangu wakaanza kuguna na kucheka. Nilipandwa na hasira, nikajiandaa kumfokea mbele za watu. Akapita katikati yao, akaja mpaka kwenye lundo langu la mchanga, akakaa juu yake.

"Nimesoma, nimeandika," akasema. "Sasa nimekuja kunyamaza."

Akanyamaza kweli. Mikono ilikuwa inamtetemeka, ameibana katikati ya magoti ili nisione. Nikamuuliza kwa ukali watoto kamwachia nani.

"Nimewapeleka juu kwa dada yangu. Amekubali kuwalea."

Hakusema kuwaangalia. Alisema kuwalea. Mwanamke huyu alikuwa ameshapanga watoto wetu wakae wapi sisi tusipokuwepo, na alikuwa na hofu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na bado amekuja kukaa nilipo. Nikatupa koleo, nikamshika mkono, tukaanza kupanda. Wenzangu walitufuata wakitukana, kwa sababu chekecheo la mchanga ni langu na nililibeba, na bila hilo kazi hakuna.

Tukakaa kwenye vibaraza vya juu, roho mkononi. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita, hakuna kitu. Watu wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Redio akasema yeye anafuata koleo lake, akaanza kushuka. Na mimi nikasimama nimfuate. Ndiyo, mimi, baada ya yote. Nikamgeukia mke wangu, akaniangalia tu, mdomo kaufunga, machozi yanamtoka.

Nikakaa. Nikamwita Redio arudi. Akanipungia mkono wa dharau.

Kwanza ilikuja harufu, udongo mbichi, kama shamba zima limepinduliwa. Kisha upepo. Kisha maji yenyewe, meusi, na miti mizima imesimama ndani yake. Tulimvuta Redio kwa ukosi wa shati katika ngazi ya arobaini, na zote zilizo chini yake zilikuwa zimeshaondoka. Siku mbili Redio haikushika stesheni yoyote.

Saa kumi na mbili jioni mke wangu akachukua daftari lake kama kawaida. Nikatoka naye na mwavuli. Daraja lilikuwa nusu. Chuma hakipo. Simu ikalia, nikaisikia sauti ya yule bwana wa ofisini akiuliza jioni hii mto umesoma ngapi.

Hakumjibu. Alikuwa hajatamka neno tangu pale mchangani. Alinigeukia mimi, akangoja.

"Sema, mama watoto," nikamwambia. "Sema yote."

Akasema. Alisema habari za nyufa alizoziona kwenye mteremko juu ya zahanati tangu mwaka jana, upana wake, urefu wake, na nyumba zilizo chini yake, moja moja. Mojawapo ilikuwa yetu. Mvua ilikuwa bado inanyesha, nikamshikia mwavuli mpaka akamaliza.