Masikio ya Mbwa na Madaktari wa Ploti

Nilipohama mtaa wa Kianda kwenda Kabiro, hapahapa Nairobi, nilibeba godoro, jiko, na mbwa jike wa rangi ya chai ya maziwa. Kazi niliiacha kulekule Kianda, kwenye kibanda changu cha kusuka nywele, kwa hiyo kila asubuhi nilimwacha mbwa uani na kumkuta jioni. Miezi miwili ikapita bila mtu kulalamika. Halafu masikio yakaanza.

Alitikisa kichwa mpaka masikio yakapiga makofi. Alijikuna mpaka akapepesuka. Na harufu, jamani, ilikuwa ya soksi iliyosahaulika kwenye kiatu cha mvua. Keateka wetu, msimamizi wa ploti tuliyopanga vyumba, mwanamume ambaye sijawahi kumwona akimpenda mnyama asiyeliwa, alisimama mlangoni pangu Jumatatu moja, ameziba pua.

"Madam, mwenye ploti anakuja Jumamosi. Huyu apone ama atoke. Mimi sitaki stori."

Mimi nina kiburi cha kazi. Miaka yote nimeshughulika na vichwa vya watu, na niliamini kabisa kwamba kila kilicho juu ya shingo ni eneo langu. Nikachukua mafuta ya mba, yale ya kuchonyota, nikamimina kifuniko kimoja kila sikio. Mbwa alizunguka ua mara nne, akapindua beseni la nguo za watu, akajificha nyuma ya tangi la maji. Sikumwambia mtu.

Sasa, ploti yetu ina desturi moja isiyo na huruma. Ukiwa na mgonjwa, kila mlango unakupa dawa, na ukipewa dawa lazima urudishe ripoti. Kukataa dawa ya mtu ni kumwambia kwao hawana akili. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja kutoka Kakamega, aliniletea kitunguu saumu alichokichemsha kwenye mafuta ya kupikia. Fundi wa viatu wa mlango wa nne akaja na mafuta ya taa kidogo kwenye kifuniko cha soda, akaapa kwamba kwao Busia hata ng'ombe wanatibiwa hivyo. Mama wa mandazi, ambaye huchoma mandazi pale langoni, akanipa majivu yaliyokorogwa na maji ya chumvi. Nilipokea vyote kwa mikono miwili, nikavimwaga mtaroni.

"Uliweka?" mama wa Kakamega akaniuliza kesho yake.

"Niliweka, mama."

"Na sasa anasikia aje?"

"Ametulia kabisa. Hiyo dawa yako ni moto!"

Fundi nikamwambia hivyohivyo, na mama wa mandazi pia, kila mmoja kando, na kila mmoja akaondoka kifua mbele. Nilijiona mjanja sana. Nilidhani nimewaridhisha watu watatu bila mbwa kuguswa.

Kufikia Alhamisi sikio la kushoto lilikuwa limevimba, kichwa kimelala upande mmoja, na ugali aliuangalia tu. Hapo mzaha ukaniisha. Sina mtu wangu hapa Nairobi. Mbwa huyo ndiye anayejua hatua zangu kabla sijafika langoni, na nilimpenda kuliko nilivyokuwa tayari kukiri mbele ya wapangaji wenzangu.

Ijumaa sikwenda kazini. Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo nikamleta daktari, mwanamke wa maneno machache. Alimfunga mbwa kamba, akavaa glavu, akamulika ndani ya sikio kwa tochi, akanusa kidole chake. Majirani walikuwa wameshajaa uani, keateka kwa nyuma yao.

"Kuna utitiri," daktari akasema. "Hiyo ni shida ndogo. Lakini naona mafuta. Naona majivu. Na hii ni nini, kitunguu? Madam, hili si sikio, ni sufuria. Nani ameweka hivi vitu?"

Niliposikia majivu nikaelewa. Nilipokuwa Kianda nikisuka, kila aliyeambiwa dawa yake inaponya alikuwa akimwongezea mgonjwa dozi, kimyakimya, ili apone haraka na sifa imrudie. Uongo wangu ndio uliowapa moyo.

"Siwezi kuweka dawa juu ya vitu nisivyovijua," daktari akaendelea. "Semeni."

Mama wa Kakamega akatazama kamba za nguo. Mama wa mandazi akakumbuka ana moto jikoni.

"Mimi hata sijuani vizuri na huyo mbwa," fundi akasema.

Daktari akafungua kamba. "Sawa, atasema mwenyewe. Mwiteni, mmoja mmoja."

Mama wa Kakamega alipiga mluzi, mbwa akarudi nyuma. Fundi alinyoosha mkono, akaonyeshwa meno. Mama wa mandazi hata hakufika, mbwa alimkwepa akiwa mbali. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikachuchumaa, nikafungua mikono, nikamwita kwa ile sauti yangu na yake. Akaniangalia. Akalaza masikio yale mabovu, akanizunguka kwa mbali kama watu wanavyozunguka shimo la maji taka, akaenda moja kwa moja kujificha katikati ya miguu ya keateka.

"Mimi sijaweka kitu!" keateka akapiga kelele, mikono juu.

"Ndiyo maana," daktari akasema.

Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Nilikuwa wa kwanza kukiri, nikataja mafuta ya mba, na wenzangu wakafuata, wakichekeana kwa aibu. Daktari akasafisha masikio kwa pamba, akaacha chupa ndogo: matone mawili asubuhi, mawili jioni, na mtu mwingine yeyote asimimine hata maji. Kila nilipokaribia na ile chupa mbwa alikimbia. Alitulia tu aliposhikwa na yule mtu aliyetaka atoke.

Jumamosi mwenye ploti akaja, akauliza mbwa huyu ni wa nani. Nikafungua mdomo.

"Ni wangu," keateka akasema upesi. "Analinda lango."

Jioni ile keateka alikaa kwenye stuli uani, kichwa cha mbwa kikiwa magotini pake, akihesabu matone huku akimnong'oneza pole, pole mrembo. Mimi, mwenye mbwa, nilisimama hatua tatu nyuma yao kama alivyoniagiza, nikishika kifuniko cha chupa.