Kopo la Vikohozi

Nilda Ferreccio hakai. Kwa miaka kumi na sita amekata kanda katika kituo kimoja cha redio cha Buenos Aires, na muda wote huo ameifanya kazi yake akiwa amesimama, wembe mkononi, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Kazi yenyewe ni kuondoa: pumzi ndefu, "eee" za mawaziri, kiti kinacholia, kikohozi cha mgeni. Msikilizaji hapaswi kujua kwamba mkataji alipita hapo. Nyumbani, mumewe Anselmo akinyamaza katikati ya maneno, vidole vya Nilda huanza kutafuta pa kukata.

Mara nne aliomba kutangaza. Mara zote nne mkuu wa vipindi, Barrionuevo, alimjibu kwamba lafudhi yake ya mkoani Santiago del Estero inamfaa muuza mbuzi.

Kisha, Jumanne moja ya Agosti mwaka 1986, Ledesma, mwandishi wa muziki, akapiga simu kusema ana matubwitubwi. Asubuhi hiyo alikuwa awahoji Los Andenes Rotos, bendi ya roki iliyokuwa imejaza ukumbi wa ndondi siku tatu mfululizo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kutuma.

"Utakwenda wewe," Barrionuevo alimwambia Nilda. "Nataka dakika kumi, zirushwe leo saa kumi na mbili jioni. Ukiniletea takataka, hiyo habari ya kipaza sauti nisiisikie tena mpaka nistaafu."

Studio ilikuwa chini ya duka la magodoro, mtaa wa Caballito. Nyuma ya kioo, Tadeo, mpiga besi, alikuwa akirudia kipande kilekile kwa mara ya kumi na nne. Wenzake walikuwa wamechoka kumsubiri, kibuyu cha chai ya yerba kikizunguka mkono kwa mkono, nao walimpokea Nilda kama watoto waliofungiwa ndani siku ya mvua. Aliwasha kinasa sauti, akasoma maswali ya Ledesma jinsi yalivyoandikwa.

"Jina la bendi lilitoka wapi?"

"Kwa daktari wa meno," alisema Fabio Lanzillotta, mwimbaji.

"Alituandikia kwenye cheti," akadakia mpiga ngoma, waliyemwita Ruso. "Kutwa mara tatu, baada ya kula."

"Na albamu hii inahusu nini?"

"Inamhusu Tadeo. Muulize mwenyewe akimaliza. Labda mwakani."

"Nawasikia, washenzi nyie!" Tadeo alifoka kwenye spika.

Nusu saa ilikwenda hivyo. Nilda aligeuza kanda, akahama kutoka ukutani hadi mlangoni, akarudi ukutani.

"Dada, kaa basi," Lanzillotta alisema. "Unatutia kizunguzungu."

"Sijazoea kukaa."

"Kazi gani hiyo isiyo na kiti?"

Akawaeleza. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile waliuacha utani.

"Sasa hivyo vikohozi," Ruso aliuliza, "ukishavikata unavipeleka wapi?"

Jibu sahihi lilikuwa moja. Kila Ijumaa vipande vyote huchomwa. Ilikuwa amri ya kituo tangu majenerali walipotawala nchi, na majenerali walipoondoka hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kupeleka kipande pengine popote ni kufukuzwa. Nilda alilijua jibu hilo vizuri. Mdomo wake ukatoa lingine.

"Ninavyo."

"Unavyo wapi?"

"Kwenye kopo la biskuti, chini ya meza yangu. Nimeviunganisha. Vimefika dakika kumi na moja."

"Mama yangu! Vya nani?"

"Mawaziri. Askofu mmoja. Majenerali wawili."

"Jenerali anakohoaje?"

Nilda akafikiri. "Kama mtu anayeomba ruhusa."

Ruso alianguka kutoka kwenye kiti chake. Nyuma ya kioo Tadeo aliweka gita chini, akacheka huku ameshika tumbo.

"Na wewe dada, ukikohoa, anayekukata nani?" Lanzillotta aliuliza.

"Mimi sijawahi kuwa kwenye kanda."

Saa tisa alasiri alikuwa mezani pake. Alikata kama alivyozoea: vicheko, kudakiana, kelele za Tadeo, na kwanza kabisa sauti yake mwenyewe. Saa kumi na nusu zilikuwa zimebaki dakika mbili na sekunde arobaini, safi, za daktari wa meno. Alizisikiliza. Zilikuwa zimekufa.

Mazungumzo yenye uhai yalikuwa sakafuni, na ndiyo yale yanayoweza kumfukuzisha kazi. Alitoka kwenda kunywa maji asiyoyataka, akarudi, akatoka tena. Alijaribu kuyarudisha bila maneno kuhusu kopo, lakini vicheko vikawa vya watu wanaocheka bila sababu. Saa kumi na moja alipiga magoti, akaokota vipande kimoja kimoja, akavining'iniza shingoni kwa mpangilio, akaanza kuunganisha. Maneno kuhusu kopo akayaacha ndani. Sauti yake pia.

Kipindi kilirushwa kwa wakati. Dakika nne baada ya kumalizika, Barrionuevo aliingia chumba ambamo Nilda hukatia kanda. Katika miaka kumi na sita hakuwahi kushuka huko.

"Liko wapi?"

Nilda alilisukuma kwa mguu kutoka chini ya meza. Barrionuevo akakalia stuli ambayo Nilda haikalii, akaliweka kopo magotini.

"Na mimi nimo?"

"Mara tatu. Salamu za Krismasi, miaka mitatu."

"Niwekee."

Nilda akaitoa kanda koponi, akamwekea. Barrionuevo alisikiliza ameinamisha kichwa, akaomba arudiwe, akarudiwa.

"Nakohoa kama marehemu baba," alisema. Aliirudisha kanda ndani ya kopo, akalifunga, akaondoka nalo bila kuaga.

Ijumaa vipande vya wiki vilichomwa uani kama kawaida. Nilda alisimama karibu akitazama kila kilichomwagwa motoni; kopo halikuwemo. Jumatatu ratiba ya wiki ilibandikwa ukutani, majina ya watangazaji yote kwa wino, isipokuwa moja. Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, dakika kumi: Ferreccio, kwa penseli.

Siku hiyo alipita mbele ya ule ukuta mara sita, kuangalia kama jina lake limefutwa.