Miguu kwenye ile filamu ni yangu, lakini anayeadhibiwa ni mwenzangu

Admin, habari za kazi. Ukiposti hii nakuomba uondoe jina na picha, maana huku kwetu simu ya mmoja inasomwa na nyumba nzima. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mkulima, nina mume na watoto wawili, naishi kwa wakwe zangu huku milimani Lushoto. Mume wangu ni dereva wa lori la mbogamboga, anashusha kabichi na karoti Dar, kwa hiyo nyumbani mara nyingi tupo mimi, watoto na mama mkwe. Baba mkwe ni marehemu, alikuwa mzee wa kanisa. Jina lake bado linaheshimiwa na mama analilinda kama yai.

Mwaka jana walikuja watu wa filamu kutoka Dar. Walikuwa wanatengeneza komedi waliyoitoa kwenye kitabu cha zamani cha Waingereza, magauni mapana, mawigi meupe, na vituko vya wake za watu na mabwana kujificha uvunguni mwanzo mwisho. Walipanga nyumba ya zamani ya Wajerumani upande wa Kwai kwa sababu ya ukungu wetu, wakasema patafanana na Ulaya. Mimi nilikuwa nawapelekea plamu. Siku moja yule dada mwigizaji akagoma kuruka dirishani, eti baridi, eti ataumia. Mwongozaji akanigeukia: "Dada wa plamu, wewe unaweza kuruka hapa?" Nikamjibu, hapa mbona hata mbuzi wetu anaruka.

Wakanivalisha gauni lenye waya ndani, pana kama tenga la kabichi, na wigi lililonifunika uso. Kisa chenyewe, bibi yuko chumbani na hawara, mume anagonga mlango, bibi anaruka dirishani, gauni linanasa kwenye msumari na kubaki pale, yeye anateremka mlima na nguo ya ndani yenye lesi, makalio yanacheza. Ile nguo ya ndani inafika magotini jamani, kanga yangu ya kuogea inaonyesha zaidi! Nilirudia mara kadhaa, wote wakawa hoi kwa kicheko. Nyumbani nilisema nimechelewa kwa sababu ya mvua.

Filamu ilipotoka, jirani mwenye televisheni kubwa akatualika, mama mkwe akakalishwa mbele kwa heshima. Nilijua uso hauonekani, nikawa na amani. Ilipofika pale pa dirisha, babu mmoja akaruka kwenye kiti: "Huyo si wa Dar! Wa Dar hashuki hivyo!" Nikaangalia vizuri. Nilikuwa nateremka upande upande, magoti nimeyakunja, mkono mmoja nimeuinua kushika mzigo wa kuni ambao haupo kichwani. Tumeshuka hivyo tangu utotoni mpaka mkono unapanda wenyewe. Watu walicheka wakalia machozi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Sijawahi kufanya kitu kikachekesha watu kiasi kile.

Kesho yake kicheko kikageuka uchunguzi. Ni nani wa kwetu aliyewavulia watu wa Dar nguo? Aliyejulikana kufanya kazi pale ni rafiki yangu mmoja, nimwite Paulina, alikuwa anawapikia. Akakana, akaapa, nani amsikilize? Mumewe amemrudisha kwao, watoto wamebaki kwa baba. Jumapili mwisho wa ibada, mbele ya watu wote, wazee wanamtoa kwaya na kumzuia meza ya Bwana. Alikuja kwangu akalia mapajani pangu.

"Mwenzangu, na wewe huniamini?"

"Nakuamini," nikamwambia.

"Basi ni wewe peke yako dunia nzima."

Nilijifanya kuchochea moto ili asinione uso.

Mume wangu naye ametumiwa kile kipande na madereva wenzake. Alinipigia akicheka mpaka anakohoa: "Huyo mama kanivunja mbavu, imebidi nipaki lori! Mume wake sijui anajificha wapi." Nikacheka naye.

Nilikuwa nimeshaamua nikiri. Jana tulikwenda na mama mkwe kukata kuni. Wakati wa kurudi akanitwika mzigo, akasema, "Leo wewe tangulia." Kila siku yeye ndiye hutangulia. Nikateremka, nikisikia macho yake mgongoni. Tulipofika chini akatua kuni zake, akaniambia kwa Kisambaa, taratibu, bila hasira, "Mwanangu, nimekuona ukishuka mlima huu miaka minane. Siku ile kwa jirani sikuhitaji kuuliza."

Nikapiga magoti. Akaninyanyua. "Nyamaza. Jina la baba yako likichafuka halifuliki. Paulina ni mtoto wa watu, watu wake watamlilia."

Jamani, nikisema, namvua nguo mama huyu mbele ya kanisa zima, maana watajua alijua akanyamaza, na sijui mume wangu atacheka tena au atanifungashia virago. Nikinyamaza, Paulina anapoteza watoto kwa miguu isiyo yake. Hata maji siwezi kwenda kuchota sasa. Kila nikishika mteremko mkono unapanda wenyewe, naushusha, unapanda tena.

Mama mkwe ameshanitolea kitenge chake kizuri, anasema Jumapili tukae benchi la mbele. Jumapili ni keshokutwa. Nishaurini ndugu zangu, wakilitaja jina la Paulina nisimame au nikae?