Oili Nyekundu ya Mama Somoe

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu gereji kubadilisha oili ya giaboksi, na kijana wa pale alipofungua dumu jipya, ile harufu ikanifuata mpaka kwenye benchi nilipokaa. Oili ya gari la otomatiki haifanani na oili ya injini, msomaji wangu. Ni nyekundu kama juisi ya rozela, na harufu yake ina utamu kidogo mwanzoni, halafu inakuja na ukali wa mafuta ya taa. Watu wengine wakitaka kumkumbuka mama yao hunusa udi au mchuzi wa nazi. Mimi nanusa oili. Kuna msimu mmoja wa utoto wangu ambapo kanga za mama yangu zilinuka hivyo hivyo, na hakuna mtu nyumbani aliyejiuliza kwa nini.

Tulikaa Newala, na baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alikuwa anakuja nyumbani kama sikukuu inavyokuja. Tulimngoja, tulifagia uwanja, tulikula nyama, kisha akaondoka tukabaki na mifuko mitupu ya biskuti. Mimi nilimpenda kwa adabu. Nilimpa shikamoo nikiwa nimesimama wima, naye aliitikia marahaba kwa adabu ileile, halafu sote wawili tukakosa la kuongeza. Mdogo wangu Selemani alipoanza kusema, alimwita Baba "mgeni." Watu waliokuwepo walicheka sana. Mama naye alicheka, kisha akaenda jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

Ndipo Baba akanunua pikapu. Ilikuwa imetumika Japani, halafu ikatumika tena Dar es Salaam, na mlangoni ilikuwa na maandishi ambayo hakuna mtu wa Newala aliyeweza kuyasoma. Ilikuwa ya otomatiki. Madereva wa stendi walimtania Baba kwamba amenunua gari la wavivu, mguu wa kushoto utamnyauka kwa kukosa kazi. Baba hakujali. Alisema sasa atabeba watu na mizigo kati ya Newala na Masasi, atashuka asubuhi, na magharibi atakuwa anakula nyumbani kwake.

Na kweli alikula nyumbani kwake. Nikajua kwamba baba yangu anakoroma, kwamba hapendi bamia, na kwamba akinawa uso anaimba. Selemani aliacha kumwita mgeni, akaanza kulilia kupanda mgongoni kwake. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtoto anayeamini kwamba jambo likishaanza ndiyo limeanza.

Basi pikapu ikaanza kuumwa. Asubuhi ilishuka mlima vizuri, na Masasi ilizunguka vizuri, lakini jioni, ikiwa inapanda kurudi juu na mzigo mgongoni, ilifika katikati ya mlima ikabadilika tabia. Injini ilipiga kelele kama gari linakimbia, kumbe magurudumu yanatambaa. Kisha gia ilishika ghafla na gari zima likatetemeka, abiria wakashikana mabega na magunia. Ikipumzishwa ikapoa, ilipanda tena kama hakuna kilichotokea. Chini yake iliacha matone mekundu.

Pale stendi kila mtu akawa daktari. Mmoja alisema giaboksi imekufa, tena magari ya aina hiyo yakifa hayafufuki. Mwingine alisema ni petroli chafu. Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alisema ni macho ya watu, maana Baba alipita nayo mbele za watu akiwa ameshusha vioo vyote. Baba alicheka, lakini niliona siku iliyofuata amepita na vioo vimefungwa.

Giaboksi nyingine ilikuwa Dar es Salaam, na sisi hatukuwa na uwezo wa kuifikiria hata kwa utani. Mwenye malori wa zamani naye alisikia habari, akapiga simu. Lori lipo, dereva hayupo. Baba akamjibu kwamba atamwona kwanza fundi wa Masasi, fundi akisema giaboksi imekwisha, atarudi barabarani. Alisema hayo tukiwa tunakula. Mama hakuinua uso. Alimega tonge, akauliza, "Nikufulie mashati yote au mengine yabaki?"

Baba alinawa mkono.

"Yote," akasema.

Nilitamani sana Mama aseme jambo jingine. Nilimtazama mpaka chakula changu kikapoa. Sikuelewa mtu anawezaje kuuliza habari za mashati wakati baba wa watu anaondoka.

Hapa inabidi nikueleze kuhusu Mama. Kwao ni Makote, na yeye alikulia wakati ambao maji yalifuatwa bondeni, yakapandishwa kichwani kwenye ule mwinuko wote. Mtu aliyepanda na ndoo isiyojaa alionekana ameipoteza safari, na wenzake wangemsema mpaka anaolewa. Tabia hiyo haikumtoka hata baada ya kujenga birika la maji ya mvua uani kwetu. Mgeni akiomba maji, Mama alimletea kikombe kilichojaa mpaka kinamwagikia kwenye sahani. Chupa ya chai aliijaza hadi kizibo kikagoma kufunga. Chombo kinachoondoka nyumbani kwake kikiwa na nafasi ndani kilimuumiza roho.

Kila asubuhi Baba aliwasha pikapu, akaiacha inaunguruma uani, akaingia ndani kunywa chai na mihogo. Nami nikiwa dirishani nilimwona Mama akienda mbele ya gari, akifunua boneti na kuinama, midomo ikitamka Bismillahi. Nikajua anaisomea dua. Sikushangaa. Alikuwa akiisomea dua hata cherehani.

Jumamosi ile tulishuka Masasi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nililia, na Mama alikuja kumnunulia Baba vitu vya safari, sabuni na dawa ya mswaki na soksi. Fundi Bakari wa Mkomaindo alikuwa mtu mnene mwenye sauti kubwa, na alizungumza na magari kuliko alivyozungumza na wenye magari. Alimhoji Baba kama mganga wa hospitali.

"Linaanza saa ngapi, asubuhi au likishachemka?"

"Likishachemka. Kwenye mlima."

"Ukilipumzisha?"

"Linapona lenyewe."

Fundi akalala chini ya pikapu, akatoka na oili kwenye kidole. Akainusa, akamnusisha Baba, akaninusisha na mimi. "Klachi za ndani zikiungua, oili inakuwa nyeusi, inanuka kama chungu kilichoungua. Hii nyekundu kabisa. Sasa kwa nini inateleza?" Akaipiga pikapu kofi la ubavuni. "Hapa inanidanganya. Nataka niione palepale inapougulia. Twendeni mlimani."

Tukapakia magunia ya unga ya abiria wawili, Mama akapanda nyuma pamoja nao, mimi nikakaa katikati ya Baba na Fundi. Nilisikiliza ile injini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu yeyote. Tulipofika kona za juu, ambapo ukigeuka unaiona nchi yote ya chini imelala kwenye ukungu wa joto, ikaanza. Kelele ikapanda, mwendo ukashuka. Kisha mtetemo, meno yangu yakagongana, na nyuma mtu akapiga kelele juu ya unga wake.

"Simama! Usizime!" Fundi akaruka chini, akaweka jiwe kwenye gurudumu, akafunua boneti. Alivuta kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakiangalia, akakifuta, akakizamisha tena, akakitoa. Kijiti kilikuwa na povu la rangi ya waridi, limepita alama zote mpaka karibu na mkono wake.

"Nani anajaza oili humu?"

"Hakuna," Baba akasema. "Sijaongeza hata tone tangu ninunue."

Fundi akamtazama kama mtu anayetazama muongo anayemheshimu. Ndipo sauti ikatoka nyuma, juu ya magunia.

"Mimi."

Mama alishuka taratibu, akajifunga kanga vizuri, akaja akasimama mbele ya boneti. Muuzaji alipoleta gari, akasema, alimweleza Baba kwamba oili hii ikipungua gia zinateleza, na yeye alikuwa amesimama hapo na sinia la chai. Basi kila asubuhi alikuwa anapima. Akikuta oili imegusa alama ya chini tu, anaongeza mpaka ya juu. Dumu aliloacha muuzaji lilipokwisha alinunua jingine kwa hela yake ya vitumbua.

"Alama ya chini ni ya asubuhi, Mama Somoe, oili ikiwa baridi," Fundi akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Ya juu ni ya ikishachemka. Wewe ulikuwa unaijaza asubuhi mpaka alama ya moto. Ikipata joto inavimba, vyuma vinaipiga kama mayai, inakuwa povu, na povu haliwezi kusukuma gari. Nyingine inamwagikia nje kwenye tundu la kupumulia. Asubuhi unaikuta imeshuka, unajaza tena." Akageuka kwa Baba. "Nang'olo, mzee wangu, gari lako halina ugonjwa. Limeshibishwa."

Abiria walicheka kwanza. Mimi nilimtazama Baba nikingoja afoke, maana amedhalilika mlima mzima kwa muda wote ule. Hakufoka. Fundi ndiye aliyeuliza, akitikisa kichwa, "Lakini mama, kwa nini hukumwambia mwenyewe?"

Mama alimjibu Fundi. Hakumtazama Baba kabisa. "Nilisema likishiba halitamshinda mlimani. Likimshinda, anaondoka."

Injini iliendelea kuunguruma. Baba alishika ukingo wa boneti kwa mikono miwili, akainama kama anatafuta kitu mle ndani, na hakukuwa na kitu cha kutafuta. Fundi naye ghafla akakumbuka kwamba anahitaji mpira na kidumu. Alivuta oili iliyozidi kidogo kidogo, akangoja povu litulie, akapima, akavuta tena. Kisha tukapanda. Mlima ule ule, magunia yale yale, na pikapu ikaenda kimya kama inateleza kwenye mkeka. Safari hii Mama alikaa mbele, na mimi nikapakiwa nyuma pamoja na Fundi, unga ukitupaka nywele.

Tulipofika juu ambako mtandao unashika, Baba aliegesha pembeni akapiga simu. Nilimsikia akisema, "Tafuta dereva mwingine, bosi." Nililia kwa furaha mbele ya abiria, bila aibu yoyote.

Kwa miaka mingi nilihadithia kisa hiki kama kichekesho cha mama aliyelinywesha gari mpaka likatapika, na watu walicheka, nami nilicheka. Nilikuwa nimeshaolewa, na mume wangu akifanya kazi mbali, nilipojikuta siku moja namuuliza kwenye simu kama amekula, kama amelala vizuri, kama shuka zinatosha, na lile neno moja nililotaka kulisema, "rudi," silisemi. Hapo ndipo nilipoelewa swali la mashati. Nikampigia Baba, nikamuuliza bila kuzunguka kama siku zile angeondoka kweli.

"Ningeondoka," akasema. "Hata kama gari lingepona, nadhani ningeondoka. Nilifikiri mmeshazoea kuishi bila mimi. Mwanamke ananiuliza kuhusu mashati, nifikiri nini?"

"Na kilichokuzuia?"

"Mpaka leo mama yako hajaniambia nibaki, Somoe. Alimwambia Fundi Bakari. Lakini mimi nilikuwa nimesimama palepale."