Mgongo wa Sanamu

Enzi zetu kazi ya shule ilitafutwa kwa miguu. Sisi watoto wa kambi ya polisi tulikula posho, yaani ugali, na maharagwe, tukacheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka mama zetu wakachoka kutuita, na kufika katikati ya Kampala kwa miguu hakukuwa jambo la kusimulia. Watoto wa leo wakitumwa chumvi wanaulizia bodaboda. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu alimtaka kila mmoja achague sanamu anayoipenda, aichunguze, kisha aieleze mbele ya darasa.

Yangu ilikuwa ya saruji, mama aliyebeba mtoto, mbele ya ofisi ya serikali ambako baba alilinda lango. Kwa baba kazi ilikuwa kazi. Akiwa ndani ya sare hakuwa na mtoto. Jumamosi niliyokwenda kuchora alinikazia macho, akaniambia nisivuke kamba iliyozungushiwa sanamu, basi nikachorea barabarani. Jioni, akivua buti, akamwambia mama mimi nikiwa palepale:

"Leo mtoto moja alikuja kule. Alichora mbele tu. Ile sanamu, mzuri yake iko nyuma."

Akaeleza, nami nikaandika. Mgongoni mtoto amelala mdomo wazi, ngumi imeng'ang'ania shuka ya mama, unyayo mmoja umetokeza, na fundi hakusahau hata mikunjo ya kisigino. Mvua ikinyesha, maji hupita mabegani mwa mama, mtoto akabaki mkavu. Sijawahi kusikia mtu akisifia kitu namna ile.

Darasani nikayasema yote. Mwalimu akauliza nimeyatoa wapi, maana kule nyuma watu hawaruhusiwi. Nikajibu, "Kwa askari mmoja." Darasa likaangua kicheko, eti askari wa getini ndiye profesa wangu. Kuchekwa kuliniuma, lakini kumkana baba kuliniuma zaidi, na usiku ule sikuweza kumtazama usoni.

Mwalimu hakucheka. Aliomba ruhusa, na wiki iliyofuata akatupeleka. Baba akampigia saluti, akatuongoza nyuma, akatuonyesha kila kitu kwa ncha ya kirungu chake. Mwalimu akamuuliza nani alimfundisha.

"Nasimama hapa miaka sita, mwalimu. Naangalia."

Hakuna aliyecheka. Hapo nikasema kwa sauti, wote wakisikia, "Huyu ni baba yangu."

Nilijua nimevunja sheria yake. Baba akanyoosha kofia, akanitazama, akamwambia mwalimu, "Ndiyo. Huyu ni mtoto yangu."

Juzi mwanangu alipewa kazi kama ile. Aliigeuza sanamu yake kwa kidole kwenye simu, mbele na nyuma, akamaliza kabla chai haijapoa, na alama akapata nzuri tu. Nikamuuliza nani alimsaidia.

"Hakuna mtu, mama," akasema kwa fahari, nami nikamwonea huruma.